Shule Moja, Lugha Moja: Kwa Nini Mtoto wa Mamba Hakufundishwa kwa Kipare

Tuanze na swali la kawaida kabisa. Mtoto anayeanza darasa la kwanza Mamba, wilayani Same, kule Upare wa kusini (Mamba hii ni ya milimani, si yule wa mtoni), anafika shuleni akiwa tayari anajua lugha moja au mbili. Nyumbani bibi anamsemesha kwa Chasu, ambayo wengi wetu tunaiita Kipare. Akishuka na mama yake kwenye tambarare za Maore na Ndungu siku ya gulio, anasikia Kiswahili, Kisambaa na Kimasai vikipishana juu ya mafungu ya tangawizi na magunia ya mpunga. Halafu anaingia darasani, na humo inatambulika lugha moja tu. Ile ya bibi inabaki nje ya uzio.

Kwa nini iko hivyo?

Ukiuliza mtaani utajibiwa haraka: "Serikali ilitaka umoja." Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba kabla ya uhuru tulishawahi kuwa na serikali iliyosema sana kuhusu kuheshimu mila na utamaduni wa kila kabila shuleni, na serikali hiyo ilikuwa ya kikoloni. Usipoijua nusu hii, uamuzi wa miaka ya 1960 utakuonekania kama dharau tu kwa lugha za kwetu. Ukiijua, utaelewa kwa nini watu wenye akili zao timamu waliamua vile. Na utaelewa pia kwa nini kazi yao haijaisha.

Neno lenyewe lina safari yake

Siku hizi wataalamu wanazungumzia "elimu ya tamaduni nyingi". Maana yake si ngumu: shule ya umma inayowapokea watoto wa asili, lugha na dini mbalimbali, ikawapa haki sawa, na wakati huohuo ikayatambua yale wanayotoka nayo nyumbani. Vitabu vingi vinaanzia Marekani. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Brown, iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Miaka iliyofuata, Wamarekani weusi na wengineo wakauliza swali la pili: sawa, sasa tuko shule moja, mbona kitabu cha historia hakitujui? Kutokana na swali hilo wasomi kama James Banks wakajenga uwanja mzima wa utafiti. Kanada nayo ikatangaza sera ya tamaduni nyingi mwaka 1971.

Angalia mpangilio huo: kwanza kuketi pamoja, halafu kutambuana. Kwetu mpangilio ulikuwa tofauti. Sisi tulianza na "kutambuliwa" ambako ndani yake mlikuwa na utengano. Tukaja kuketi pamoja baadaye. Hatua ya kutambuana tukiwa tayari tumeketi pamoja ndiyo bado tunaizungukazunguka.

Milima ilikuwa na shule kabla ya shule

Isifikiriwe kwamba elimu ilipanda Upare na mzungu. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, alikusanya masimulizi ya wazee wa koo mbalimbali, na mwaka 1969 akachapisha kitabu cha historia ya kisiasa ya Wapare tangu karne ya 16 hivi. Moja ya mambo anayoyaeleza ni mshitu, mafunzo ya jando yaliyofanyika ndani ya msitu maalumu. Kijana alitoka huko akiwa mtu mzima anayejua wajibu wake. Kule Ugweno, upande wa kaskazini, watawala waliyashika mafunzo hayo na kuyatumia kuwaunganisha watu wa koo tofauti chini ya utawala mmoja.

Soma sentensi hiyo mara mbili. Mtawala anachukua mafunzo ya vijana na kuyatumia kujenga watu wamoja. Mwalimu Nyerere hakuwa wa kwanza kupata wazo hilo!

Na watu wenyewe hawakuwa wa aina moja. Ugweno kuna Kigweno, lugha iliyo karibu zaidi na Kichaga kuliko ilivyo na Chasu. Wambugu, ambao masimulizi yao yanawapitisha Upare kabla ya wengi wao kukaa Usambara, wana namna ya kusema iliyowashangaza wataalamu wa lugha dunia nzima: sarufi ni ya Kibantu, iliyo karibu sana na Chasu, lakini maneno mengi ni ya Kikushi na mengine ya Kimasai. Mholanzi Maarten Mous ameandika kitabu kizima juu ya lugha hiyo mwaka 2003. Tambarare zilikuwa za wafugaji. Baadaye mashamba ya mkonge yakaleta vibarua kutoka mbali. Kwa hiyo tunaposema "utamaduni wa Same", tunasema wingi.

Kila mteremko na misheni yake

Mwaka 1903 wamisionari wawili Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na Abraham Enns, walifika Upare wa kusini na kufungua kituo Giti, upande wa Mamba. Kilikuwa kituo cha kwanza cha kanisa lao katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Walutheri wa misheni ya Leipzig nao walikuwa wakijenga vituo vyao, Upare wa kaskazini na kusini, kwa mfano Mbaga na Gonja. Penye kanisa pakawa na shule.

Matokeo yake yalikuwa ya kijiografia. Ukizaliwa mteremko huu, unasoma kwa Wasabato na Jumamosi hushiki jembe. Ukizaliwa mteremko ule, unasoma kwa Walutheri. Na ukizaliwa katika nyumba ya Waislamu, ambao nao walikuwa wakiongezeka Upare, chaguo lilikuwa gumu zaidi: kumpeleka mtoto shule ya misheni kulikuwa ni kumpeleka kwenye dini nyingine.

Hata hivyo, tutende haki. Wamisionari hawa waliifanyia Chasu kazi kubwa. Ernst Kotz, Msabato, alitoa sarufi ya Chasu mwaka 1909, na Agano Jipya kwa lugha hiyo likachapishwa mwaka 1922. Jakob Dannholz, Mlutheri wa Mbaga, aliandika kwa kirefu juu ya imani na desturi za Wapare. Mtoto wa Kipare alijifunza herufi kwa lugha ya mama yake. Lengo lilikuwa kuhubiri, lakini njiani lugha ikapata maandishi.

Serikali ya Wajerumani ilikwenda njia nyingine. Ilihitaji makarani, wakusanya kodi na maakida ambao wangeweza kuhamishwa kutoka Tanga hadi Tabora bila kubadilisha lugha. Miaka ya mwanzo ya 1890 ilianza shule yake Tanga, na katika shule zake ikatumia Kiswahili bila kufundisha dini. Baadhi ya wamisionari walinung'unika, kwa sababu kwao Kiswahili kilinukia Uislamu. Basi mapema kabisa tukawa na shule mbili zilizotofautiana kwa lugha: ya serikali, yenye Kiswahili cha kazi, na ya misheni, yenye lugha ya kilima.

Waingereza na "elimu inayomfaa Mwafrika"

Sasa tunafika pale penye utata. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika Mashariki kuangalia elimu. Aliyeiongoza ni Thomas Jesse Jones, na mmoja wa wajumbe alikuwa James Aggrey, msomi mashuhuri kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Tume ilisema shule zilikuwa hazilingani na maisha ya Mwafrika: zifundishe kilimo, afya, kazi za mikono, na zijengwe juu ya yaliyo mema katika mila. Mfano ulichukuliwa kutoka shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani, Hampton na Tuskegee. Mwaka 1925 London ikatoa waraka wa sera kwa makoloni yake ya Afrika wenye mwelekeo huohuo.

Ukiisoma leo unaweza kusema, mbona nzuri tu? Kuheshimu mila, kutumia lugha ya mtoto, kufundisha kinachohusu mazingira yake. Si ndicho tunachokitaka?

Jaribio lililosukuma wazo hilo mbali zaidi lilifanyika Malangali, nyanda za juu kusini, mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwalimu mkuu, W. Bryant Mumford, alitaka shule ya serikali ifanane na jamii iliyoizunguka. Wazee waliitwa kufundisha mila, na ngoma zikaingizwa kwenye maisha ya shule. Ni kama vile elimu ya tamaduni nyingi ilifika Tanganyika miaka arobaini kabla ya wakati wake. Lakini haikudumu.

Ili kuelewa kwa nini wazo hilo halikuwashika watu, jiweke mahali pa mzazi wa wakati ule. Unaona shule za nchi yako zimepangwa mafungu matatu: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na bajeti yake, majengo yake na mtaala wake. Sheria ya elimu ya 1927 na ruzuku kwa misheni ziliweka utaratibu, lakini hazikuvunja kuta hizo. Mtoto wa Mzungu anafundishwa kuwa mtawala. Wako anafundishwa kubaki "Mwafrika mzuri", jembe mkononi, kabila lake kifuani. Hapo maneno "elimu inayolingana na utamaduni wako" yanakuwa na maana nyingine: kaa hapo hapo ulipo.

Mwishoni kabisa mwa utawala wao, katika miaka ya 1950, Waingereza walijenga pale Iringa shule ya bweni ya St Michael na St George kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Majengo hayo ndiyo baadaye yakawa Mkwawa, ambayo leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Ukifika pale, angalia ukubwa wa bwalo na viwanja, kisha kumbuka kwamba wakati huo shule nyingi za vijijini zilikuwa za miti na udongo, zikijengwa na wanakijiji wenyewe. Kule Upare kazi ya pamoja ya namna hiyo inaitwa msaragambo. Ndiyo iliyochimba mifereji, ikatengeneza barabara, na ikasimamisha madarasa.

1953: wazo moja, makusudi mawili

Ukitaka mwaka mmoja wa kukusaidia kukumbuka hoja hii, chukua 1953. Mwaka huo UNESCO ilitoa ripoti maarufu iliyopendekeza mtoto aanze shule kwa lugha ya mama, kwa sababu ndiyo anayoielewa. Mwaka huohuo, Afrika Kusini ilipitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu. Nayo ilisisitiza lugha za mama, na utamaduni wa kila kabila, lakini kwa kusudi la kumfungia mtoto mweusi kwenye kazi za chini na kuwagawa watu makabila makabila wasiweze kusema kwa sauti moja.

Kwa hiyo lugha ya mama darasani inaweza kuwa ufunguo, na inaweza kuwa kufuli. Kinachoamua si lugha yenyewe bali ni nani kaiweka pale, kwa nia gani, na kama yule mtoto ana njia ya kufika kokote anakofika mwenzake. Viongozi wa TANU walikuwa wakiitazama Afrika Kusini kila siku. Hawakuhitaji kuhadithiwa.

Kuta zinavunjwa

Uhuru ulipatikana Desemba 1961, na kuanzia Januari 1962 mfumo wa shule kwa rangi ukafutwa: mfumo mmoja wa kitaifa, shule zifunguliwe kwa wote. Shule ya serikali ya Wahindi, Dar es Salaam, ikaja kuwa Azania. Shule ya Aga Khan ikaja kuwa Tambaza. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa. Mwaka 1964 ada za sekondari zikaondolewa.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Humo alihesabu mambo ambayo serikali ilikuwa imeyafanya tangu uhuru, na la kwanza lilikuwa kuondoa ubaguzi wa rangi shuleni. La pili kupanua elimu, la tatu kuifanya iwe ya Kitanzania kwa maudhui. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969. Shule za misheni zilizokuwa zikipokea fedha za serikali zikachukuliwa na serikali. Kwa Same hili lilikuwa jambo zito kuliko unavyodhani. Mpaka ule wa mteremko wa Wasabato na mteremko wa Walutheri ukapoteza nguvu yake shuleni. Mtoto wa Kiislamu sasa angeweza kuingia shule ileile bila kuulizwa anasali wapi, na dini ikabaki kuwa kipindi ambacho kila mmoja anafundishwa ya kwao. Wapo waumini walioumia, maana walikuwa wamejenga madarasa hayo kwa jasho lao na sadaka zao. Uchungu huo haukuwa wa bure. Lakini pia haukuwa bure ule mlango uliofunguka.

Azimio la Musoma la 1974 likaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Madarasa yakajengwa usiku na mchana, na msaragambo ukapata kazi mpya. Kwenye sekondari, wanafunzi walipangiwa shule za bweni mbali na kwao: wa Same akaenda Tabora au Songea, wa Mtwara akaja Kilimanjaro. Mchaga na Mpare wakaendeleza utani wao bwenini, na Mpare akajitetea kwamba si bahili, ila anapiga hesabu. Shuleni ukafundishwa utamaduni wa taifa: mtoto wa milimani aliweza kucheza sindimba ya Wamakonde bila kuwahi kumwona Mmakonde.

Tulipata nini?

Hapa sayansi ya jamii ina jambo la kutuambia. Mchumi Edward Miguel alichapisha mwaka 2004 utafiti uliolinganisha wilaya mbili za vijijini: Busia ya magharibi mwa Kenya na Meatu ya Tanzania. Zote mbili zina makabila mchanganyiko, na maisha ya watu wake hayakutofautiana sana. Aliangalia jinsi wanakijiji wanavyochangia shule na huduma nyingine za pamoja. Busia, kadiri eneo lilivyokuwa na mchanganyiko mkubwa wa makabila, ndivyo michango ya shule ilivyopungua. Meatu, mchanganyiko haukuleta tofauti hiyo. Watu wa makabila mbalimbali walichangia shule moja kama vile ni yao wote.

Miguel aliihusisha tofauti hiyo na sera za kujenga taifa: Kiswahili, mtaala wenye kuhimiza utaifa, na kuondolewa kwa machifu. Bila shaka wilaya mbili si nchi mbili, na mambo mengi hutofautisha Kenya na Tanzania. Lakini ukiweka matokeo hayo kando ya historia tuliyoipitia, yanakaa mahali pake. Ile shule moja yenye lugha moja haikuzaa tu nyimbo za asubuhi mstarini. Iliwafanya majirani wasio wa ukoo mmoja wakubali kutoa fedha mfukoni kwa ajili ya mtoto asiye wao.

Na tulilipa nini?

Sasa upande wa pili wa daftari. Waulize watu wa umri wa wazazi wetu, si Same tu, watakueleza kuhusu adhabu ya kusema "kilugha" shuleni. Kuchapwa, kufagia uwanja, au kuvishwa kibao shingoni mpaka umnase mwenzako naye akitamka neno la kwao. Mtoto alijifunza somo ambalo halikuandikwa kwenye mtaala wowote: kwamba maneno ya bibi ni makosa.

Somo hilo lina madhara hata kwa wale tu wanaojali matokeo ya mitihani. Mtoto anayeingia darasa la kwanza bila Kiswahili cha kutosha anatumia miezi mingi kusoma sauti asizozielewa. Kisha akivuka kidato cha kwanza anapigwa na wimbi la pili, Kiingereza. Mabadiliko mawili ya lugha kabla hajaota ndevu, na hakuna hata moja linaloanzia pale anapojua.

Kuna pia ujuzi uliobaki nje ya mlango. Upare wanachimba ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya kijito usiku na kuyaachia asubuhi yapite mferejini hadi mashambani, kwa zamu. Ndani ya ndiva moja mna ujazo, mwendo wa maji, mteremko, ratiba na sheria za kugawana mali ya pamoja. Hiyo ni hisabati, fizikia na uraia. Mtoto wa Mamba anaweza kumaliza darasa la saba akiwa amekokotoa ujazo wa tangi la mstatili mara mia, bila kuulizwa hata mara moja ndiva ya kwao inabeba lita ngapi.

Hata usawa wenyewe ulileta kinyongo chake. Ili mikoa iliyoachwa nyuma ipate haki, nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mikoa. Sehemu zilizotangulia kwa sababu ya misheni, Kilimanjaro ikiwa mojawapo, zikajikuta na watoto wengi waliofaulu lakini wakakosa nafasi. Wazazi wa huku wakajibu kwa kujenga shule za sekondari za kujitegemea, na miaka ya 1980 Kilimanjaro ikawa kinara wa shule hizo nchini. Huwezi kusema serikali ilikosea kuwafikiria watoto wa Lindi. Wala huwezi kumlaumu mzazi wa Same aliyeuza ng'ombe ili wake asome.

Mlango uko wazi, nani ataupita?

Serikali yenyewe haikukana thamani ya lugha za jamii. Sera ya Utamaduni ya 1997 inawahimiza wananchi waendelee kuzitumia na kujivunia, na inahimiza ziandikiwe kamusi. Lakini sera za elimu zikabaki na Kiswahili na Kiingereza darasani. Yaani Chasu ni hazina ya taifa saa kumi jioni, na ni usumbufu saa mbili asubuhi. Katika mitaala mipya iliyoanza kutolewa tangu 2023 limeingia somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni nafasi nzuri. Swali ni kama mwalimu wa Mamba atalifundisha kama orodha ya majina ya viongozi, au atawapa watoto kazi ya kumhoji mzee aliyewahi kushika zamu ya ndiva.

Wapo watakaosema: mkifungua mlango kwa Chasu leo, kesho mtaletewa ukabila. Hofu hiyo tusiicheke, tumeona ilikotoka. Ilitoka kwenye shule zilizokuwa zikitumia utamaduni kama uzio. Lakini tuangalie tofauti kati ya wakati ule na sasa. Wakati ule hapakuwa na chumba cha pamoja. Leo kipo, kimejengwa kwa zaidi ya miaka sitini, na Kiswahili kimesimama imara kiasi kwamba hakitikiswi na neno la Chasu ubaoni. Waingereza waliwapa watu mila bila usawa. Sisi tukachukua usawa na kuweka mila kando ili tupumue. Hakuna sheria ya asili inayosema ni lazima tuchague kimoja.

Na halihitaji mapinduzi. Mwalimu wa darasa la kwanza anayeruhusiwa kutoa maelezo ya kwanza kwa lugha anayoielewa mtoto, kisha akamvusha kwenda Kiswahili, hajavunja umoja wa nchi. Wala hauvunji mwalimu wa hisabati anayelipeleka darasa zima kwenye ndiva na kamba ya kupimia. Katika darasa hilo huenda kuna Msambaa na Mmasai. Vizuri zaidi: nao waeleze kwao maji yanagawanywaje, kila mmoja akisema kwa Kiswahili ili wenzake wamwelewe.

Ukiwa na mzee nyumbani aliyesoma kabla ya 1969, fanya jambo moja wiki hii. Muulize shule yake ilikuwa ya nani, ilifundisha kwa lugha gani, na nani hakuruhusiwa kuingia. Andika anachokujibu, kwa lugha yoyote atakayoitumia. Historia ya shule zetu za umma bado iko zaidi vichwani mwa watu kuliko vitabuni, na vichwa hivyo vinazeeka.